Kipande cha Mke Wangu Ukutani

Ninamshukuru Mungu, ambaye alipotaka kumuumba mtu hakuona haya kushika udongo. Aliushika, akaupa umbo, akausimamisha juu ya miguu miwili. Sifa ni zake kwa mguu unaokwenda na kwa mguu unaoburutwa, kwa milima aliyoiinua na kwa tambarare alizozilaza. Nimekuwa mwinjilisti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi ya mwinjilisti ni maneno. Lakini haya ninayoyaandika niliyaona kwanza kwa macho, na maneno yake yamenijia polepole. Msomaji anivumilie.

Kanisa letu dogo, kule milimani Iringa, limejengwa kwa matofali mabichi ubavuni mwa kilima. Wazee waliolijenga walichimba upande wa juu na kujaza upande wa chini mpaka sakafu ikawa sawa, lakini ardhi ya nje waliiacha ilivyo. Ndiyo maana ukitembea nje, kando ya ule ukuta mrefu, unateremka. Kwenye kona ya mlangoni msingi unakufika kwenye kifundo cha mguu. Kwenye kona ya madhabahuni unakufika kiunoni. Ukuta huo unatazama upande mvua inakotokea, na kila masika mvua huulamba.

Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikiwa bado mbali, akina mama wa mtaa wetu huusiriba upya. Wanaume huchimba udongo mweupe bondeni na kuupandisha, kisha huambiwa waende zao. Kila mama ana kipande chake cha ukuta, upana wa hatua chache, na wote husimama mbele ya vipande vyao wakitazama ukuta, kuteremka kukiwa mkono wa kulia. Mmoja hupiga debe. Mwingine huanzisha wimbo. Wote huteremka pamoja, hatua, hatua, kusita, goti likikunjwa kidogo, na mikono ikisambaza udongo kwa kufuata miguu. Hawachezi kwa kujifurahisha, ingawa ukiwatazama utadhani ni ngoma. Wanakwenda hivyo ili kila mmoja afike mwisho wa kipande chake wakati udongo wa jirani bado mbichi, maana ukikauka mmoja kabla ya mwingine, pale katikati panapasuka.

Udongo ukiwa bado laini, kila mama hurudi juu na kuteremka tena, safari hii kwa vidole tu, na hapo ndipo anapoweka alama zake. Wapo wanaoweka mistari kama matuta ya viazi. Yupo anayechovya ncha za vidole tu, kama kuku amepita. Mke wangu alikuwa anaweka matao. Tao moja lilianza pale lingine lilipoishia, na kila moja lilikuwa chini kidogo ya mwenzake, mpaka kipande kizima kikafanana na migongo ya vilima unavyoviona ng'ambo asubuhi, kimoja nyuma ya kingine. Nimewafundisha watoto wa kipaimara nikiwa nimeketi nao mbele ya matao hayo, na mara nyingi nilipokosa neno niliyatazama.

Kipande cha mtu hakiguswi na mwingine. Mama akizeeka au akihama, hukikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Anaweka kiganja kwenye udongo mbichi, anayepokea anaweka kiganja chake juu yake, kisha wanateremka pamoja kutoka mwanzo wa kipande hadi mwisho, na mwishoni yule wa zamani anatoa mkono wake. Hakuna anayejua nani alianzisha desturi hiyo. Mimi niliikuta.

Mwaka juzi, wakati wa palizi, mke wangu aliketi katikati ya mahindi akashindwa kuinuka. Kilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono wake wa kulia na mguu wake wa kulia, na maneno yake kikayafanya yachelewe. Mungu alituhurumia, akili haikuguswa, na ulimi ulipopata njia ulikuwa na makali yake yale yale.

Binti yetu wa mwisho anaishi Mbeya, mtaa wa Soweto, na alitaka tuhamie kwake ili mama yake awe karibu na hospitali. Binti huyu ni mchoraji. Ana kibanda chake kule Iyunga, kando ya barabara kuu, ambako anachora mabango: mbuzi wa wauza nyama, vichwa vya wanawake waliosukwa kwa ajili ya saluni, matairi, mikate. Jumamosi anawafundisha vijana wa kwaya namna ya kucheza wanapoimba. Nilipokuwa kijana kwaya ilisimama wima kama nguzo, na sikuficha maoni yangu juu ya jambo hilo, lakini yeye alinijibu tu, "Baba, njoo utazame mpaka mwisho kwanza." Nilitazama mpaka mwisho, nikapiga makofi pamoja na wengine.

Tulihamia. Nyumba aliyopanga ilikuwa nzuri, sakafu ya marumaru inayong'aa. Mke wangu aliichukia sakafu ile tangu siku ya kwanza. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaza, goti halikunjiki, na alipotaka kuusogeza ilimbidi aurushe kwa nje kwa nusu duara, kama anafyeka majani. Mara nyingi ncha ya kidole iligota chini na mwili mzima ukayumba.

"Ni kwa sababu mguu haukunjiki," alitueleza dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali, dada mpole mwenye mikono yenye nguvu. "Kwa hiyo ni kama umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Hauna pa kupita."

"Kumbe nimerefuka," alisema mke wangu. "Na uzee huu."

Alifanya mazoezi yote aliyoambiwa. Sikumsikia akilalamika, ila alikuwa anaitazama sakafu kama mtu anavyomtazama mwenye nyumba mkali. Mimi nilikuwa naomba asubuhi na jioni, na nilichokiomba ni mkono. Bwana, mrudishie mkono wa kulia. Niliomba hivyo kwa sababu ya matao. Nilidhani yamo mkononi.

Mwaka ule wa kwanza akina mama walisiriba ukuta bila yeye. Kipande chake walikiacha wakisema atarudi. Mvua zikaja, zikakikuta hakina koti. Kulipokaribia kusiriba tena, simu ilipigwa. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mtu waliyelima naye mashamba jirani tangu wote wawili ni maharusi. Binti yetu aliweka sauti kubwa ili mama yake asishike simu.

"Kamwene, Mama Mwinjilisti."

"Kamwene."

"Mguu?"

"Upo. Unanifuata popote niendapo."

Mwenyekiti alicheka, kisha akashusha sauti, na tukajua hakupiga kwa ajili ya salamu. "Mwenzangu, siulizi kwa ubaya. Mvua ya mwaka jana imekula kipande chako. Tofali limeliwa mpaka naweza kuingiza ngumi. Mwaka huu kikiachwa tena, huo ukuta hautasimama, na ukianguka utaanguka na vipande vyetu sote. Sisi hatuwezi kukigusa, unajua. Ninauliza tu, unakuja, au una mtu?"

Niliyaona maneno yakipanda na kushuka shingoni mwa mke wangu.

"Nipe muda kidogo," alisema.

Tangu siku ile jambo lilikuwa hilo moja nyumbani mwetu. Halikuzungumzwa sana, lakini lilikaa nasi mezani. Mke wangu alizaa watoto wetu katika kijiji kile, akazika wawili kati yao nyuma ya kanisa lile, na kila mwaka aliweka mikono yake kwenye ukuta ule. Kutoa kipande ni kusema kwamba hurudi tena. Hakuna aliyesema hivyo kwa sauti, ila mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Binti yetu alilichukua jambo kwa njia yake. Alileta mbao mbili pana za mabango, akaziegemeza kwenye ukuta wa uani, akatafuta udongo mweupe, sijui kutoka wapi, akaukanda. Alikuwa na picha ya kile kipande kwenye simu, ya siku ambazo mama yake alikuwa mzima. Aliitazama, akapima, akaanza kuchora matao kwa vidole. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala pajani.

Wakati huo jirani yetu, mama mmoja mwenye imani kali, alichungulia juu ya ukuta.

"Bwana asifiwe, Baba Mwinjilisti."

"Amina."

Alizitazama zile mbao, akaitazama mikono ya binti yetu iliyojaa udongo mweupe mpaka kwenye viwiko, akamtazama mgonjwa. "Samahani, Baba. Hapo mnafanya nini?"

"Tunasiriba kanisa," nilijibu.

"Kanisa liko wapi?"

"Iringa."

"Basi, nitawaombea," alisema, akateremka kutoka kwenye kitu alichokuwa amekikanyaga.

Mke wangu alicheka mpaka machozi, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka hivyo tangu augue. Lakini alipozitazama mbao, kicheko kiliisha. Matao yalikuwa sawasawa. Nilichukua simu nikalinganisha, hakuna nililoona limekosewa.

"Umechora vizuri," alimwambia binti yake. "Siyo yenyewe."

"Yamekosa nini, mama?"

"Hayateremki."

"Haya hapa, kila moja liko chini ya mwenzake. Nimepima."

"Umeyateremsha wewe. Mimi sikuwa nayateremsha. Yalikuwa yanateremka."

Binti yetu alisimama akiwa ameishika mikono yake mbali na nguo. Sikuelewa, nikadhani ni kiharusi kinachosema. Lakini yeye anayefundisha watu kucheza alielewa, au alianza kuelewa, maana alifuta ule udongo wote kwa ubao mwembamba, akasema, "Basi nionyeshe miguu. Achana na mikono. Imba, uniambie miguu ilikuwa inakwenda vipi."

Mke wangu alianza ule wimbo wa kusiriba, polepole, sauti imekwaruza. Binti yetu alifuata kwa miguu, hatua, hatua, kusita, goti. Mkono wake uliokuwa ubaoni ulianza kwenda wenyewe. Nikaona tofauti, nami si mtu wa sanaa. Mwanzo alikuwa anachora kwa kifundo cha mkono akiwa amesimama. Sasa bega lilikuwa linavutwa na nyonga, nyonga inavutwa na mguu, na vidole vilikuwa vinafuata tu mahali mwili ulipokwenda. Tao lilitokea pale mwili uliposita na kuendelea. Lakini ua ule ulikuwa tambarare, na matao yalikwenda sawa kama mawimbi ya bati.

"Unaona?" alisema mke wangu. "Kile kilima ndicho kilikuwa kinachora."

Kisha alitaka kujaribu mwenyewe. Tulimshika huku na huku tukamsimamisha mbele ya ubao. Aliweka mkono wa kushoto kwenye udongo, akaimba, akataka kupiga hatua ya kwanza kwa mguu wa kulia. Mguu uligota kwenye saruji. Akajaribu kuurusha kwa nje, ukagota tena, na angeanguka kama binti yetu hangemkumbatia kiunoni. Tukamrudisha kwenye kiti. Alikaa akijifuta ule udongo mweupe kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mpigie mwenyekiti," aliniambia. "Mwambie nakuja kukabidhi."

Niliingia ndani nikaomba, na safari ile sikuomba mkono. Sikujua niombe nini, nikakaa tu mbele za Mungu kama mtu aliyefika kwenye ofisi akasahau shida iliyomleta. Naye alinivumilia.

Tulisafiri na binti yetu kwa basi. Barabara ile nimeipita mara nyingi, lakini safari ile niliitazama kwa macho ya mke wangu, aliyekaa dirishani. Ukitoka Mbeya kwenda Iringa, milima inarudi nyuma na ardhi inalala, upande mmoja mpunga mpaka macho yanachoka. Pale Igawa basi lilisimama, wauzaji wakazunguka madirisha na ndizi na vitunguu, na mke wangu alikuwa anawatazama wale akina mama walivyokuwa wakitembea na mabeseni kichwani, upesi, nyayo karibu na ardhi.

"Watu wa huku wanachezaje?" alimwuliza binti yake.

"Wanatelezesha miguu. Hawainui sana."

"Sakafu ya Mungu iko hivyo huku," alisema mke wangu. "Ningezaliwa hapa ningekuwa na miguu mingine."

Baada ya Makambako hewa ikabadilika, vilima vikaanza kutukaribia, naye akajifunika shuka akasinzia.

Akina mama walikuwa wametangulia kanisani tulipofika asubuhi ya kusiriba. Udongo ulikuwa umekandwa, ndoo zimepangwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa ninamshikilia mgonjwa, niliruhusiwa kubaki, ingawa mama mmoja alisema nikae mbali nisije nikaanza kuhubiri, udongo ukakauka.

Nilikiona kile kipande. Kilikuwa jeraha. Udongo wote umekwisha, matofali yamelika katikati na kuacha mashimo, na pembeni, karibu na kipande cha jirani, lilibaki tao moja la zamani, au robo yake. Kwa kuwa mwenyewe alishatuma neno kwamba anakuja, wanaume walikuwa wameshayaziba mashimo kwa udongo mwekundu ili kipande kiwe tayari. Mke wangu alikitazama kwa muda. Hakulia.

"Nani anapokea?" aliuliza.

Mwenyekiti alimsogeza mbele mwanamke kijana, mke wa mtoto wa jirani yetu wa pale kijijini, aliyeolewa mwaka ule ule kutoka Igawa. Alikuwa amevaa kanga mpya na alikuwa anatazama chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka tambarare?"

"Ndiyo, bibi."

"Huyo bado anatembea kama yuko majarubani," alisema mama mmoja nyuma, na wenzake wakacheka. "Wiki iliyopita ameteleza na ndoo ya maji mpaka kwa mchungaji."

"Nilifika lakini," alijibu bibi harusi kwa sauti ndogo. "Na ndoo ilikuwa na maji."

Wakacheka zaidi, na safari hii walicheka pamoja naye. Nilimwona mke wangu akimtazama vizuri.

Walipaka udongo mweupe wa kwanza kwenye mwanzo wa kile kipande. Mke wangu alisimama akitazama ukuta, fimbo yake nimeishika mimi, binti yetu yuko nyuma yake. Mkono wa kulia haukuinuka, kwa hiyo alitoa wa kushoto akaukandamiza kwenye ukuta. Yule mwanamke kijana akaweka mkono wake juu. Debe likaanza, wimbo ukaanza.

Hapo tulikuwa tunaogopa wote. Desturi inataka wateremke pamoja mpaka mwisho wa kipande, na mimi nilikuwa nimeshajipanga kumbeba. Mguu wa kwanza kwenda ni wa kulia, ule mkavu. Mke wangu alivuta pumzi, akaegemea mguu wa kushoto, akautupa ule wa kulia kuelekea chini ya mteremko.

Haukugota.

Ulipita hewani, ukaning'inia kidogo, ukatua. Upande ule ardhi ilikuwa chini zaidi, na mguu ule mrefu usiokunjika ulikuwa umepata pa kupita. Kule Soweto ardhi ilikuwa inaupandia. Hapa ilikuwa inaushukia. Alivuta wa kushoto ukafuata. Akatupa wa kulia tena, ukapita tena. Nilimwona akitazama miguu yake, kisha akaacha kuitazama, na bega lake likaanza kuvutwa na nyonga kama nilivyoona kwa binti yetu uani. Hatua, hatua, kusita. Goti halikukunjika, lakini mahali pa goti alikunja kiuno.

Aliyepata shida ni bibi harusi. Nyayo zake zilikuwa zinatafuta usawa ambao haupo, akawa anateleza mbele ya wimbo.

"Usiukimbilie mteremko," mke wangu alimwambia bila kugeuka. "Uache ukuchukue. Egemea huku kwangu."

"Nisije nikakuangusha, bibi."

"Nimeshaanguka mimi. Egemea."

Basi wakateremka, mmoja ameushika ukuta, mwingine ameshika mkono wa mwenzake, na ukiwatazama hukuweza kusema nani anamsaidia nani. Walipofika mwisho wa kipande wimbo ulisita, maana hapo ndipo wa zamani anapotoa mkono wake. Akina mama wote walikuwa wanatazama. Mwenyekiti alishikilia kijiti cha debe hewani.

Mke wangu hakutoa mkono. Aliutazama ukuta, akautazama mteremko alioupita.

"Sijamaliza," alisema.

Sauti ya kuku ilisikika huko nyumbani kwa mchungaji.

"Nilikuja kukabidhi," aliendelea, na maneno yalikuwa yanachelewa, lakini yalifika. "Nilidhani imekwisha. Haijakwisha. Nisameheni, nimewasumbua."

"Unasumbua tangu ujana," alisema mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Kule juu utafikaje? Wa kushoto huo unaishia begani."

Ilikuwa kweli. Mke wangu aliinua mkono wake wa kushoto ukutani kadiri alivyoweza bila kuyumba, ukaishia chini ya dirisha. Juu yake kulikuwa na nusu nzima ya kipande. Akamgeukia bibi harusi, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma kama mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mwenyewe.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeona bibi bado unacho."

"Nina cha chini. Cha juu ni chako. Mimi siku nikishindwa kuinama, utaongeza na cha chini."

"Desturi haina hiyo," alisema mama mmoja.

"Sasa inayo," alisema mwenyekiti, akapiga debe.

Kuteremka alikwenda mwenyewe. Kurudi juu tulimbeba, binti yangu na mimi, kwa sababu kupanda mguu ule ulikuwa unakutana na ardhi iliyoinuka kuliko hata ya Soweto. Alifanya hivyo kila mara: kuteremka kwa miguu yake, kupanda mikononi mwetu, na alisema si vibaya, maana maisha yake yote alikuwa akipanda kwa nguvu zake na sasa amepata magari mawili. Alipofika kwenye kuweka alama, aliweka matao. Lakini kwa sababu yalitoka mkono wa kushoto, yaligeuka. Yale ya zamani yalikuwa yameinamia bondeni. Haya yaliinamia mlimani, kama vilima vile vile vikitazamwa na mtu aliyesimama ng'ambo. Juu yake bibi harusi alijaribu mistari yake, mirefu na iliyolala, na mahali ilipokutana na matao haikupasuka, maana walikwenda pamoja.

Binti yetu hakusaidia kusiriba. Alikaa kwenye jiwe na karatasi akachora miguu tu: ya mama yake, ya bibi harusi, ya wote waliopanga mstari kando ya ukuta. Karatasi hiyo ameibandika kibandani kwake Iyunga, katikati ya mbuzi na matairi, na wateja humwuliza ni tangazo la nini.

Dada wa mazoezi nilimpigia simu kumweleza. Alifurahi, akauliza maswali mengi juu ya mteremko, mwinuko wake, upande upi, kisha akasema, "Atembee hapo kila siku, Baba, ila asiende peke yake. Na aendelee na mazoezi yangu ya goti, mteremko hauko kila mahali." Tunamtii. Miezi mingine tuko Soweto, miezi mingine tuko kijijini. Mke wangu bado haipendi marumaru, lakini wamezoeana.

Mvua zilipokuja nilikwenda asubuhi kuutazama ukuta. Maji yalikuwa yanashuka juu ya mistari ya bibi harusi, yanaingia kwenye matao ya mke wangu, yanafuata tao mpaka tao, na kutoka pale chini kwenye msingi. Kipande kilikuwa kimeshika. Nilisimama pale chini ya mwavuli mpaka soksi zikalowa. Nilikuwa nimeomba mkono, na Mungu, ambaye anajua alivyotuumba kuliko tunavyojijua, alimpa mguu wake kilima.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu aliyekufinyanga asikuache. Kama kuna sehemu ya mwili wako iliyokuwa nzito, akuongoze mahali ambapo ardhi inaipisha. Akupe wa kukubeba unapopanda, na unapoteremka akupe wa kuegemeana naye. Na mahali ulipoweka mkono wako hapa duniani, mvua yake ipite juu yake kwa upole. Amina.